Je, mafuta ya habasoda na ubani yanaweza kuchukua nafasi ya dawa za baridi yabisi?

Swali: "Daktari, nina miaka 43. Mwaka jana niligundulika kuwa na baridi yabisi, na natumia methotreksati mara moja kwa wiki pamoja na asidi ya foliki. Maumivu yakizidi nameza ibuprofeni. Tatizo langu ni kichefuchefu. Siku ya dawa na kesho yake sijiwezi. Nimeambiwa mafuta ya habasoda ya kunywa na mafuta ya ubani ya kupaka huondoa uvimbe kabisa, tena bila madhara kwa kuwa ni ya mimea. Naweza kuacha vidonge nihamie huko? Na mwanangu wa miaka minne mwenye pumu ya ngozi, naweza kumpaka mafuta hayohayo?"

Jibu:

Dada, pole na kuugua. Kabla ya yote, mimi ni mfamasia, si daktari wako. Sijakuona na sina vipimo vyako mbele yangu, kwa hiyo nitakayosema yapitishe kwa anayekutibu. Lakini moja nalisema bila kusubiri mtu: usiache methotreksati.

Katika baridi yabisi, kinga ya mwili inaushambulia utando laini unaozunguka kiungo. Utando ukikaa umevimba muda mrefu, hula gegedu (tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa), kisha huula mfupa wenyewe. Sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokea katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa, na mfupa ukishalika haurudi. Wewe uko katika kipindi hichohicho. Methotreksati haikupunguzii maumivu tu, inazuia viungo visiendelee kulika. Hakuna mafuta ya mmea wowote, ya kunywa wala ya kupaka, ambayo yamewahi kuonyesha kwa binadamu kwamba yanazuia ulaji huo wa mfupa. Mengine yanapunguza maumivu, na hilo si dogo, ila kutuliza maumivu huku ugonjwa ukiendelea ni sawa na kupaka rangi ukuta unaovuja maji.

Nahisi, hata hivyo, kwamba si habasoda inayokuvuta bali ni kichefuchefu kinachokufukuza. Hicho kina dawa. Muulize daktari kama unaweza kumeza dozi yako usiku baada ya kula ili saa mbaya zikukute umelala. Muulize kama inafaa kuigawa katika sehemu mbili, siku ileile moja ya wiki, na kama kiwango cha asidi ya foliki kinaweza kuongezwa. Ipo pia methotreksati ya sindano inayochomwa chini ya ngozi, na wengi walioshindwa na vidonge huivumilia. Hayo yote yakishindikana, zipo dawa nyingine zinazozuia viungo kulika. Wagonjwa wengi hawasemi. Huacha kimyakimya, na daktari anakuja kujua vidole vimeshapinda.

Sasa tuje kwenye chupa zako mbili, ambazo hazifanani hata kidogo. Mafuta ya habasoda hupatikana kwa kukamua mbegu. Ni mafuta mazito kama yale ya alizeti, zaidi ya nusu yake ikiwa asidi ya mafuta ya jamii ya omega-6, na ndani yake mna kiasi kidogo cha kemikali yenye harufu kali iitwayo thaimokwinoni. Mafuta ya ubani hupatikana kwa kukeneka: utomvu hupitishiwa mvuke, na kinachoruka na mvuke ndicho kinachokusanywa. Hayo ni mafuta tete, makali mara nyingi kuliko mmea wenyewe. Ya kukamua mtu anaweza kuyapima kwa kijiko. Ya kukeneka huhesabiwa kwa matone, hayapakwi bila kuchanganywa, na hayanywewi kwa kujiamulia nyumbani. Nusu ya ajali ninazozijua za mafuta ya mimea zinatokana na mtu kulichukulia kundi la pili kama la kwanza.

Kwenye ubani kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, pengine wengi wao hawalijui. Sifa ya ubani dhidi ya uvimbe inatokana na asidi za boswelia zilizomo kwenye utomvu wake. Maabara zimeonyesha kwamba zinazuia kimeng'enya kinachotengeneza lukotrieni, mojawapo ya kemikali za mwili zinazowasha uvimbe. Lakini asidi hizo ni nzito. Haziruki na mvuke, zinabaki chini kwenye chombo cha kukenekea. Chupa ya mafuta tete ya ubani ina vitu vyepesi vya harufu, kama alfa-pinini na limonini. Asidi za boswelia zenyewe hazimo, au zimo kwa kiasi kisicho na maana. Tafiti zilizouletea ubani sifa zilitumia dondoo la utomvu lililotiwa kwenye kapsuli, si mafuta haya. Mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulipitia suala hili mwaka 2014. Katika tafiti chache na ndogo, dondoo lililoongezwa nguvu lilipunguza maumivu kwa takriban alama 17 kwenye kipimo cha alama 100, kuliko kidonge kisicho na dawa. Ni matokeo yanayotia moyo, ila angalia yalihusu nini: kusagika kwa viungo, ugonjwa wa gegedu kulika kadiri umri unavyosonga. Wako ni mwingine, hata kama wagonjwa wa aina zote mbili huumwa magoti.

Basi mafuta ya ubani yana kazi gani? Harufu yake inatuliza, na kukandwa kwenyewe kunapunguza maumivu kwa muda. Ukiyapenda, weka matone 12 katika mililita 30 za mafuta ya kukamua, hiyo ni takriban asilimia 2, kisha ujaribu kidogo upande wa ndani wa mkono na usubiri siku mbili uone kama ngozi inawasha. Ukitaka zaidi ya hapo, mafuta hayo hayatakupa.

Habasoda ina hoja nzito zaidi. Thaimokwinoni, kwenye seli na kwa wanyama, inapunguza kemikali kadhaa za uvimbe. Kwa wagonjwa wa baridi yabisi yamefanyika majaribio machache, madogo, ya mwezi mmoja au miwili, na baadhi yakaonyesha viungo vilivyovimba vimepungua na kukakamaa kwa asubuhi kumekuwa kwa muda mfupi zaidi. Kipimo kilichotumika ni cha kiasi cha gramu 1 ya mafuta kwa siku, ndani ya kapsuli, na washiriki waliendelea na dawa zao za kawaida. Hilo la mwisho ndilo linalopotea njiani habari inapopita mdomo kwa mdomo. Waliongeza habasoda juu ya dawa, hawakuitoa dawa.

Na gramu 1 ni chini ya robo ya kijiko cha chai. Watu wananishangaza wanaponiambia wanakunywa kijiko kikubwa asubuhi na jioni, kwani kijiko kikubwa kimoja tu ni kama gramu 14. Kwa kiasi hicho hatuna tena majaribio ya kuegemea, tuna mazoea tu. Halafu chupa mbili za habasoda zinaweza kutofautiana sana kwa kiwango cha thaimokwinoni, kutegemea mbegu, namna ya kukamua na umri wa mafuta. Habasoda inaweza kushusha sukari na shinikizo la damu kidogo, kwa hiyo anayetumia dawa za magonjwa hayo apime mara kwa mara. Ukiwa na upasuaji mbele, iache wiki mbili kabla. Ukipaka moja kwa moja kwenye ngozi, ujue kuna watu waliobabuka, wachache wao vibaya hadi malengelenge.

Kwako wewe kuna sababu ya ziada ya tahadhari. Methotreksati husimamiwa kwa kupima ini na chembe za damu kila baada ya muda. Ukianza mafuta matatu mapya kwa siri na vipimo vya ini vikapanda, daktari ataona methotreksati tu kwenye faili. Ataipunguza au kuisimamisha, na utakuwa umepoteza dawa inayokulinda kwa kosa ambalo huenda si lake. Ndiyo maana nasisitiza kusema. Madaktari wengi hawatakugombeza, na akikugombeza bado amejua.

Ungeniuliza mimi ni mafuta gani ya mmea yana ushahidi mzuri zaidi kwa baridi yabisi, nisingetaja habasoda wala ubani. Ningetaja mafuta yenye asidi ya gama-linoleniki, ambayo hupatikana kwenye mbegu za mimea ya nchi za baridi iitwayo boraji na primrozi, na za tunda dogo jeusi liitwalo blackcurrant. Mwili huibadilisha asidi hiyo kuwa nyingine inayoshindana na malighafi ya prostaglandini na lukotrieni, kemikali za mwili zinazowasha uvimbe; aspirini na ibuprofeni nazo huzuia utengenezaji wa prostaglandini. (John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini inazuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.) Katika majaribio ya miaka ya 1990, wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa gramu 1.4 hadi 2.8 za asidi hii kwa siku, kwa miezi sita, walipata nafuu ya maumivu na uvimbe kuliko waliopewa mafuta ya kulinganishia. Cochrane mwaka 2011 ikakubali kwamba kuna nafuu ya kiasi.

Lakini piga hesabu kabla ya kununua. Kapsuli ya gramu 1 ya mafuta ya primrozi ina takriban miligramu 90 za asidi hiyo. Kufikia gramu 1.4 utahitaji kapsuli 16 hivi kila siku. Ya boraji ina zaidi ya mara mbili ya hapo, ukifikia kwa kapsuli sita au saba. Kapsuli moja kwa siku, kama lebo nyingi zinavyoelekeza, ni kujiliwaza. Nafuu nayo haiji wiki ya kwanza, huchukua miezi. Boraji kama mmea ina sumu za ini ziitwazo alkaloidi za pirolizidini, na kwa mtu wa methotreksati ini si la kuchezea, kwa hiyo chagua tu yaliyothibitishwa kwenye lebo kwamba yamesafishwa sumu hizo, na ruhusa ya daktari iwe imetangulia. Anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda asianze kabisa bila kuzungumza na anayemtibu.

Kuhusu mafuta ya zeituni, kwa ufupi. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba ule ukali unaokwaruza koo kwenye zeituni bikira unatokana na oleokanthali, inayozuia vimeng'enya vilevile vinavyozuiwa na ibuprofeni. Gramu 50 za mafuta hayo zinakaribia sehemu ya kumi tu ya dozi ya ibuprofeni ya mtu mzima. Ni chakula kizuri, kile kama chakula.

Nimeshasema kukanda kunasaidia, na hapa ndipo ile kauli ya "ni ya mimea, hayana madhara" inapoanguka vibaya. Mafuta ya wintagrini, yenye ile harufu ya dawa za kuchua misuli, karibu yote ni methaili salisilati, ndugu wa aspirini. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo halisi kina nguvu ya zaidi ya vidonge 20 vya aspirini vya kawaida. Mtoto akikinywa anaweza kufa. Hata kupakwa tu, kwa wingi na kila siku, kumewahi kuongeza wembamba wa damu kwa watumiaji wa warfarini hadi wakavuja damu. Wewe una sababu yako ya kuyakwepa: salisilati hupunguza kasi ya figo kuitoa methotreksati mwilini. Ibuprofeni nayo iko kwenye njia hiyohiyo. Kwa dozi ndogo za baridi yabisi madaktari huiruhusu wakiwa wanafuatilia figo, ila hakikisha wako anajua kwamba unaimeza na ni mara ngapi.

Mafuta ya mkaratusi, kafuri na mnanaa hutuliza kwa kuchangamsha mishipa ya fahamu ya ngozi, hivyo unahisi ubaridi au joto na maumivu yanapungua kwa muda. Kwa mtu mzima, yakiwa yamechanganywa, kwenye ngozi isiyo na kidonda, sina ugomvi nayo. Usifunge bandeji juu yake wala kuweka chupa ya maji moto, maana utaunguza ngozi. Mafuta tete ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda yana kitu kinachofanya ngozi iungue na kubaki na madoa ikipigwa na jua, kwa hiyo usiyapake mchana. Ya nyonyo yanayouzwa dukani hayana ile sumu ya risini iliyomo kwenye mbegu, na kwenye kiungo hayana ubaya. Kuyanywa ni habari nyingine, yanaharisha kweli, na mjamzito asiyanywe.

Mwanao sasa. Jibu la ubani ni hapana, na la habasoda pia ni hapana. Ngozi yenye pumu ina ukuta dhaifu, hupitisha vitu ndani kirahisi kuliko ngozi nzima, na ndivyo mzio unavyojengeka. Mafuta tete ndiyo hatari zaidi, hasa yaliyokaa wazi muda mrefu: hewa inabadilisha limonini na linalooli, vitu vyake vya harufu, kuwa vitu vinavyosababisha mzio wa ngozi, na mafuta ya mti uitwao "tea tree" (si majani ya chai) nayo yakizeeka hufanya hivyohivyo. Mtu akishapata mzio huo huwa nao maisha yote, akikutana nao kwenye sabuni, losheni na manukato.

Ukitaka mafuta ya mmea kwa ajili ya ngozi yake, ya alizeti au ya nazi bikira yana rekodi nzuri kuliko mengine. Jaribio moja kwa watoto wenye pumu ya ngozi, lililochapishwa mwaka 2014, lilionyesha mafuta ya nazi bikira yakifanya vizuri kuliko mafuta ya madini. Ya zeituni usiyatumie, ingawa ndiyo yanayosifiwa zaidi. Yana asidi ya oleiki nyingi, na utafiti wa mwaka 2013 kwa watu wazima ulionyesha kwamba yanadhoofisha ukuta wa ngozi, tofauti na ya alizeti. Lakini mafuta peke yake hayatoshi; mtoto anahitaji krimu au marhamu nzito isiyo na manukato, apakwe kwa wingi mara mbili kwa siku, na dawa ya steroidi ya kupaka aliyoandikiwa itumike wakati ngozi imewaka, bila woga na bila kupitiliza. Mafuta ya kutia kwenye maji ya kuoga usiyagharamie: jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2018 halikuona faida yoyote ya maana juu ya upakaji wa kawaida.

Kapsuli za primrozi na boraji ambazo nimezisifu kwa viungo, kwa pumu ya ngozi hazisaidii. Cochrane ilikusanya tafiti 27 zenye washiriki karibu 1,600 mwaka 2013 na haikuona tofauti na kapsuli tupu. Uingereza ilikuwa imeshaondoa vibali vya dawa za primrozi tangu mwaka 2002 kwa ushahidi kutotosha. Mafuta yaleyale yanapunguza uvimbe wa kiungo na yanashindwa kwenye ngozi. Anayekuambia mafuta fulani yanatibu "uvimbe wote mwilini" hajui uvimbe una njia ngapi.

Chupa zote za mafuta tete ziweke mahali pa juu, penye kufuli. Mililita 5 tu za mafuta ya mkaratusi zimewahi kumtia mtoto degedege. Mililita 10 hivi za mafuta ya karafuu zimewahi kuharibu ini la mtoto mdogo. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto waliopewa mafuta ya mwarobaini kwa mdomo kama tiba ya vijiugonjwa vya kawaida, wakapata degedege na kupoteza fahamu, na baadhi walifariki. Mtoto akinywa mafuta tete, usimtapishe, kwani yakiingia kwenye mapafu yanaleta nimonia mbaya. Mkimbize hospitali na chupa mkononi.

Kuna jambo moja kuhusu bidhaa za viungo kwa jumla, na hili halina uhusiano na mmea wowote. Ukikutana na mafuta au kapsuli "za asili" zinazoondoa maumivu ya baridi yabisi ndani ya siku mbili, shuku. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokutwa na deksamethasoni (dawa kali ya steroidi) na diklofenaki (dawa ya maumivu) ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Mtu anapona kimiujiza, uso unavimba, uzito na sukari vinapanda. Akiacha ghafla anaanguka, kwa sababu mwili umeshasahau kutengeneza steroidi zake. Kama umeshatumia kitu cha namna hiyo kwa wiki kadhaa, usikikatishe peke yako. Kipeleke kwa daktari.

Ningekuwa na wewe dirishani, ningekupangia hivi. Kwanza kamilisha mazungumzo ya kichefuchefu na daktari, kabla ya chupa yoyote. Kisha, akikubali, chagua kitu kimoja tu, ama kapsuli za habasoda za gramu 1 kwa siku au boraji iliyosafishwa kwa kipimo kilichotajwa, si vyote viwili. Anza baada ya kupima damu, ili vipimo vinavyofuata vilinganishwe na vya awali. Kila asubuhi andika viungo vimekakamaa kwa dakika ngapi, na kila wiki andika ibuprofeni ngapi umemeza. Habasoda ipe miezi miwili, boraji miezi sita. Tarakimu zisiposhuka, acha na uokoe fedha yako. Ngozi au macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi, ukipata vidonda mdomoni, homa, au kikohozi kikavu na kukosa pumzi, usisubiri tarehe ya kliniki. Hizo zinaweza kuwa dalili za methotreksati yenyewe, na zinahitaji kuonwa siku hiyohiyo.